Salud Alipokuja Kuimba

Herminia alikuwa na ombi moja kwa Mungu, na alilirudia kila Kwaresima bila kuona haya: mrudishe Salud. Salud ni mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa amehamia kwa walokole wale wenye kanisa lao nyuma ya soko, akaacha rozari, akaacha sanamu, na mama yao alipofariki alisimama mbele ya jeneza wakati wenzake wote wamepiga magoti. Herminia akashindwa kuvumilia. Alimwambia mbele za watu, "Wewe umeitupa nadhiri ya mama, basi huna mama." Tangu siku hiyo wakikutana sokoni kila mmoja alijifanya anachagua samaki. Halafu Salud akaanza kuugua, hata sokoni akawa haonekani.

Nadhiri yenyewe ni pabasa. Kila Juma Kuu, nyumba ya mama yao hufunguliwa milango, na Mateso ya Bwana huimbwa ubeti kwa ubeti, pande mbili zikipokezana, usiku na mchana, mpaka Ijumaa Kuu kabla ya saa tisa, saa aliyokufa Bwana; baada ya hapo kuimba ni mwiko. Hairuhusiwi kukatika. Mama aliapa hivyo Herminia alipopona homa utotoni, na alipokuwa anakata roho alimkabidhi Herminia mwenyewe. Naye aliishika, tena aliishika kwelikweli. Hapakuwa na mtu kijiji kizima cha San Roque wa kusema pabasa ya Herminia iliwahi kukatika, au kwamba chai ya tangawizi iliwahi kuisha.

Shida ilikuwa hiyo hiyo chai. Beti zote Herminia alizijua kwa moyo, na kwa kuzijua mno alikuwa ameacha kuzisikia. Mdomo uliimba, akili iko jikoni: wali wa nazi unashika chini, fulani kachukua sahani ya pili na hajaimba hata neno. Watu walimwona amefumba macho wakasema, tazama mama anavyosali. Kumbe mama anahesabu vijiko.

Mwaka huu, Alhamisi mchana, jua lilikuwa la kuunguza na spika zilikuwa zinanguruma mpaka barabarani. Mwimbaji wa upande wa kushoto alichoka, akampisha mwingine, kama ilivyo kawaida. Hakuna anayemuuliza mtu ametoka wapi. Herminia aliona mtandio mweupe na mikono iliyokonda, basi. Macho yake yalikuwa dirishani, yamemganda Ponsa, mpishi, aliyekuwa anatia chumvi kwenye tambi kwa kiganja kizima.

Mwenye mtandio akaanza kwa tuni ya zamani, ile ya mama, inayopanda polepole kisha inajishusha yenyewe. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa anaiimba. Herminia akajibu kwa tuni ile ile, wala hakukosea. Wazee waliokuwa kwenye benchi wakaacha kutafuna. Mmoja akavua kofia.

Zamu ya kushoto ilipofika, Herminia akaziba maiki kwa kiganja.

"Ponsa! Hiyo chumvi unapikia watu au unakausha samaki?"

"Onja kwanza ndo useme, mama!" Ponsa akajibu toka uani. "Kila mwaka hapa wanalamba mpaka sahani!"

Herminia akamkabidhi jirani maiki. Alipompita mwenye mtandio akampungia mkono, kwa adabu ya mwenye nyumba. "Karibu tambi, mama, zipo za kutosha," akasema, mguu mmoja ushafika jikoni. Aliporudi, upande wa kushoto alikuwa ameketi mtu mwingine. Hakuuliza.

Ijumaa, ubeti wa mwisho ulipoimbwa na spika zikazimwa, Ponsa alikuwa anasugua masufuria huku anatabasamu peke yake.

"Jana mmeniliza, mama. Hatimaye mmepatana."

"Na nani?"

"We mama nawe! Si na Salud? Kijiji kizima kinawasema nyie. Mmeimba kama marehemu mama yenu amefufuka."

Herminia alishika ukingo wa meza. Alitoka vile vile na aproni yake.

Saa tisa ilikuwa imepita. Bwana amekufa, redio zote zilikuwa kimya, na watoto wamekatazwa kukimbia. Salud alikuwa sebuleni kwake, amezungukwa na maboksi, anakunja nguo.

"Karibu, dada."

"Unakwenda wapi?"

"Mjini Davao, kwa binti yangu. Kesho asubuhi. Hizi figo hazitaki niishi peke yangu tena."

"Salud, kwa nini jana hukuniita?"

"Nilikuita. Nilikuita kwa tuni ya mama, ukaitika." Salud aliweka blauzi chini. "Nikafurahi mno, dada. Nikasema, amenisamehe. Nikawa naimba nasubiri ugeuke tu. Ukaniambia nile tambi."

Herminia akaanza kulia. "Nilikuwa nakuombea! Kila Kwaresima! Muulize padri!"

"Sibishi. Hebu niambie, tulikuwa tumefika wapi kwenye Mateso?"

Herminia akafungua mdomo. Beti zote zilikuwepo, toka mwanzo hadi mwisho, ila hakujua jana walikuwa kwenye upi. Alichokumbuka ni chumvi.

"Bustanini," Salud akasema. "Pale anaporudi kwa rafiki zake anawakuta wamelala. Mama akifika hapo alikuwa anashindwa, sauti inamgoma, mimi na wewe tunampokea. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ndiyo maana ilimuuma hivyo. Mungu alikuwa amempa kile alichomwomba miaka yote, amemletea mpaka mlangoni, na yeye alikuwa anatazama sufuria.

"Basi tuimbe sasa hivi," akasema. "Ubeti mmoja tu. Mimi na wewe. Nitakutazama."

Salud akatupa jicho dirishani.

"Saa tisa imepita, dada. Kwenu leo haiimbwi tena. Mimi hainihusu, naweza kuimba. Wewe utaweza?"

Dirisha lilikuwa wazi, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Herminia akafikiria mama Berta wa ng'ambo ya barabara, atasikia, atasema nini, akafikiria padri, akafikiria nadhiri, kama huku ndiko kuivunja au ndiko kuitimiza. Alipomaliza kufikiria, Salud alikuwa ameshageuka, amepiga goti juu ya boksi, anavuta kamba.

"Njoo unishikie hapa nifunge fundo," Salud akasema.

Herminia akaja akashika, machozi yanamdondokea mikononi, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine alichoombwa.