Kisu Chini ya Mto wa Mtoto

Kisu kilichomtesa Tausi kiliwekwa na mama yake mzazi, kwa mkono wa kulia, na bismillahi juu yake. Bi Saleha hakukusudia ubaya. Mtoto mchanga halazwi hivi hivi. Huwekewa kisu chini ya mto mpaka arobaini ipite, ili vinavyopita vipite zao. Yeye aliwekewa, akamwekea Tausi, na Tausi alipoletwa Nguvumali kulelewa uzazi kwa mama yake, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza, akamwekea na mjukuu wake Sabiri. Kisu cha kukatia mboga tu, mpini umezungushiwa mpira.

Siku ya kumi na mbili Tausi aliinua mto abadilishe nguo iliyoloa. Akakiona. Kabla hajavuta pumzi wazo likamjia zima zima, kama mtu kamnong'oneza nyuma ya sikio: kichukue, umchome.

Alitoka mbio mpaka uani, mtoto kamwacha analia.

"Mama! Kiondoe kile kisu! Kiondoe, nitamuua mwanangu!"

Bi Saleha akakiondoa. Enyi mnaolea mabinti, shikeni hapo, maana kosa lilianzia hapo, nalo lilikuja na sura ya huruma. Kisu kiliondoka, wazo halikuondoka. Likahamia kwenye mkasi. Mkasi ukaondolewa, likahamia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, likaenda kwenye mchi, likaingia kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Bi Saleha akawa anapeleka vitu kwa jirani yake Khadija kimoja kimoja, kama mtu anayehama kwa siri. Vitunguu vikawa vinapasuliwa kwa mikono. Samaki anakatwa huko huko sokoni. Nazi zinakunwa kwa Khadija, na Khadija naye mdomo haumkai.

"Bi Saleha, kulikoni? Mbuzi wenu kakata kamba kaja kulala kwangu?"

"Kaja kukutembelea. Mpe majani."

Wakacheka. Bi Saleha akarudi kwake na bakuli la nazi, anatega sikio tangu njiani.

Ndani Tausi alikuwa amekalia mikono yake. Ndivyo alivyokaa siku zile, viganja chini ya mapaja mpaka vife ganzi, ili visiweze kufanya kitu. Mtoto akitaka kunyonya, bibi ndiye anayemshika kifuani pa mama yake. Kisha hilo nalo halikutosha.

"Nifunge, mama. Kwa kanga tu, wakati ananyonya."

Akamfunga. Fundo la kwanza lilikuwa legevu. Tausi akalijaribu, likafunguka, akalia mpaka likakazwa. Mchana kweupe, jua la adhuhuri limejaa dirishani, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu mikono nyuma kama mwizi, mtoto ananyonya, na nyumba imenyamaza kama yenye mtu anayekata roho.

"Mama, nitamdhuru?"

"Hutamdhuru, mwanangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Apa."

"Wallahi."

Mtoto hajahamia hata titi la pili.

"Mama, nitamdhuru?"

Siku moja Bi Saleha alihesabu viapo, akafika hamsini na kitu, akaacha. Vilikuwa kama maji ya bahari kwa mwenye kiu. Lakini lililomtisha zaidi halikuwa swali. Lilikuwa ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Aliapa kwa jina la Mungu huku macho yake yako kwenye mikono ya mwanawe. Akiwa bafuni, mtoto akinyamaza tu, anatoka na sabuni mwilini kuja kuchungulia. Akimkuta hai, anaona haya kwa alichokuwa amekifikiria, na kesho anakifikiria tena.

Alimpeleka kwa fundi mmoja wa uganga. Fundi akamwandikia kombe, aya za wino zilizooshwa kwa maji, akalinywa siku saba. Fundi akasema ni jini, na linataka damu. Neno hilo ndilo lililommaliza Tausi. Siku mbili hakumtazama mtoto usoni.

Arobaini ikaisha. Mudathir, mume wa Tausi, anayefanya kazi kwenye machimbo ya mawe Pongwe, akaja kumchukua mkewe. Akamkuta kafungwa.

"Shikamoo, mama. Hii ni nini?"

Bi Saleha hata marahaba haikumtoka. Mudathir alifungua fundo kwa mikono yake, taratibu, akaziona alama. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Ijumaa mama yangu anakuja kutoka Ushongo," alisema. "Atamchukua Sabiri, amlee kwa maziwa ya kopo mpaka mwenzangu apone."

"Mpeni," Tausi akasema. "Huko atakuwa salama."

Alisema kavu, bila chozi, na ukavu ule ulimchoma Bi Saleha kuliko kilio chochote. Mtoto akienda atarudi lini? Na huyu aliyemtoa mwanawe kwa mikono yake, atarudi lini?

Jumatatu, Mudathir akiwa amerudi machimboni, Bi Saleha alimbeba mjukuu kwenda kupimwa uzito. Muuguzi wa kliniki, Sista Anjela, Mshambaa wa milimani asiyezunguka maneno, akaifunua kadi.

"Kila mara bibi, bibi. Mama yake yuko wapi? Kaenda kuchezwa ngoma?"

Ilikuwa utani, lakini Bi Saleha alikaa kwenye benchi, mtoto mapajani, na yote yakamtoka. Kisu, kanga, kombe, damu. Anjela alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho mlete. Usimfunge."

Kesho yake Anjela aliwaingiza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari akamuuliza Tausi mengi, kwa upole. Je, anasikia sauti ya mtu asiyeonekana? La, ni wazo lake mwenyewe, ndiyo maana analiogopa. Je, anataka kulitimiza?

"Daktari! Bora nife mimi kwanza."

"Umewahi kumfanya chochote?"

"Hata kucha sijawahi kumkata."

Daktari akawaambia kuwa hayo ni maradhi ya wasiwasi, yenye jina na yenye tiba, na kwamba akina mama wengi yamewapata wakafa nayo kimya kwa kuona haya. Wazo baya humpitia kila mtu, likapita. Kwa mgonjwa huyu haliwezi kupita kwa sababu kila mara analikimbia, na kila akilikimbia anajiambia: kweli mimi ni hatari. Tiba yake ni kulikaribia, hatua kwa hatua, huku wanamwangalia kila wiki. Visu baadaye sana. Kwanza dakika kumi tu, yeye na mwanawe, mlango umefungwa, mikono iko huru.

"Na wewe, Bi Saleha," Anjela akasema, "hutaapa tena."

"Aniulize, ninyamaze?"

"Mwambie hujui."

"Sista, una watoto wewe?"

"Ninao wanne."

"Basi unaniambiaje nimwambie mwanangu neno kama hilo?"

"Unajua, au hujui?"



Jumatano Tausi aliukaribia mlango wa chumba, akarudi. Alhamisi asubuhi akarudi tena. "Kesho, mama."

"Kesho ni Ijumaa."

"Basi aje amchukue."

Hapo Bi Saleha akagundua jambo ndani yake. Kila Tausi aliposema hapana, yeye kifua kilimshuka. Alikuwa anafurahi. Alikuwa amekaa pale mlangoni akiomba binti yake ashindwe, ili yeye asilazimike kukaa nje. Akaketi mkekani karibu naye.

"Tausi, mimi naogopa kuliko wewe."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa daktari amekosea."

Tausi akageuka akamkazia macho.

"Kumbe ulikuwa unaniapia uongo."

"Nilikuwa naapia nisichokijua."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Nje muuza mihogo alipita akinadi, akapotea. Tausi akaichomoa mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa myekundu, imeandikwa mistari ya ukili wa mkeka. Aliitazama kama ya mtu mwingine.

"Hakuna ajuaye, basi," akasema. "Si wewe wala mimi. Toka nje, mama."

Bi Saleha akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, akakaa barazani na simu mkononi kutazama dakika. Ya kwanza haikuwa na kitu. Ya tatu, sauti ikapenya ubao wa mlango.

"Mama, nitamdhuru?"

Ulimi ulikwishaiandaa wallahi. Akaing'ata ncha ya kanga.

"Sijui, mwanangu."

Huko ndani alisikia Tausi akitoa mguno kama aliyepigwa. Mtoto akaanza kulia. Akalia, akalia, kisha akanyamaza ghafla, na kimya kile kilimwinua Bi Saleha wima. Mkono ukashika komeo. Akilini aliyaona yote, nanyi msitake kujua aliyoyaona. Komeo lilikuwa la moto kwa jua. Akalishikilia, hakulisukuma.

Dakika ya kumi ikapita. Ya kumi na mbili.

"Tausi?"

"Usifungue. Bado linaninong'oneza. Nimembeba, nalo linaninong'oneza. Usifungue, mama. Niache."

Bi Saleha akalikalia baraza. Akampigia Mudathir, vidole vikikosea namba.

"Mwambie mama yako kesho asije."

"Mtoto yuko na nani?"

"Na mama yake."

"Peke yao? Mama, wako salama?"

Bi Saleha alifungua kinywa aape, akakifunga.

"Yuko na mama yake," akasema tena.