Nafasi ya Ukutani

"Dada, yule wa ukutani mbona humfuniki?"

Ndivyo jirani alivyouliza siku moja, amesimama mlangoni na bakuli alilokuja kuazima, watoto wa kituo cha malezi wamelala usingizi wa mchana. Mlezi akageuka. Ukutani palikuwa na sakafu tupu.

Pale ndipo alipokuwa akilala Bwana Mdogo, mtoto aliyelala mchana mmoja asiamke. Daktari alisema ni moyo, na mapenzi ya Mungu hayana mpinzani. Lakini siku hiyo mlezi alikuwa peke yake, yuko jikoni anakoroga uji. Akaapa hatalea tena watoto wa watu bila msaidizi. Na tangu hapo hakuna mtoto anayelala pale. Hata watoto wageni, wasiomjua marehemu, hujibana upande wa pili kama vifaranga.

Msaidizi alipatikana, binti mchangamfu, ila mshahara wake ulikuwa wa kusuasua. Ndiyo maana afisa wa ruzuku ya serikali alipopiga hodi, wote wawili walishusha pumzi.

Afisa akapima chumba kwa utepe. "Mama, kituo chako safi. Tatizo moja tu. Serikali inamlipa msaidizi pale kituo kinapojaa. Hapa ukutani anaingia mtoto mmoja zaidi. Mkipatumia, nawapitisha leo hii."

"Hapo hapalaliki, mwanangu."

"Pana unyevu? Panya?"

Msaidizi akacheka. "Panya wangekuwa wanalipa ada, tungeshajaa zamani!" Akamnyanyua mtoto aliyelala fofofo, akamlaza ukutani. Yule mtoto, amefumba macho, akajisogeza kidogo kama anayempisha mwenzake, kisha akanyoosha mkono akakumbatia hewa.

Mlezi alimkwapua. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi, na nje jua linachoma.

"Hapo simlazi mtoto wa mtu," akasema.

"Basi sitaweza kuwapitisha, mama. Sheria sikuitunga mimi."

"Mama, kubali tu," msaidizi akamsihi. "Nitakaa naye mwenyewe, nitamshika mkono. Kwetu wananitazama mimi."

Mlezi alimbana mtoto kifuani, midomo ikimchezacheza kwa dua. Akatikisa kichwa.

Msaidizi akavua aproni, akaitundika msumarini, akavaa ndala zake, akatoka.