Kura Iliyofungwa

Seneta Doreen Pawlak hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Kabla ya siasa alikuwa mfamasia, na bado aliongea na wapiga kura wake kana kwamba anawaelekeza namna ya kunywa dawa: taratibu, bila chumvi. Ndiyo maana hata watu wasiokipenda chama chake walimchagua awawakilishe kwenye Seneti ya jimbo. Eneo lake lilikuwa Alder Grove, kitongoji cha nyumba zinazofanana, nyasi zilizokatwa sawasawa, watu wanaorudi jioni kutoka mjini wamechoka, na hospitali moja tu.

Hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini. Kampuni iliyoinunua ilitangaza kwamba kiangazi kikifika itafunga idara ya dharura, kwa kuwa haileti faida. Baada ya hapo mgonjwa mahututi angepelekwa mjini kwa barabara kuu, ambayo asubuhi na jioni haisogei. Doreen akaandaa mswada: idara ya dharura isifungwe popote bila idhini ya jimbo.

Aliyemsukuma zaidi ni Rosalyn Teague, jirani wa mtaa wa pili, mwenye binti anayeugua pumu. Mara mbili binti huyo alifikishwa hospitali midomo imegeuka bluu. Rosalyn hakuja kulia. Aliketi jikoni kwa Doreen, akaeleza kwamba mara ya pili daktari alimwambia wangechelewa kidogo tu, wangemkosa.

"Sasa hicho kidogo ndicho wanachotaka kutunyang'anya," alisema.

Uchaguzi ulikuwa umeshapita, lakini kibao cha kampeni chenye jina la Pawlak kilibaki kimesimama kwenye nyasi za Rosalyn, juu ya theluji na baadaye juu ya tope. Mumewe, wa chama kingine, alikizunguka kila alipotoa gari.

Wiki ya kura, Virgil Amsden aliingia ofisini kwa Doreen bila kubisha. Alikuwa seneta mzee wa upande wa pili, mtu wa mashambani, na ilijulikana kwamba angeupinga mswada.

"Wenzako wote wamekimbilia chooni waliponiona nakuja," alisema. "Wewe tu ndiye mjinga uliyeacha mlango wazi."

"Kaa, mzee. Lorna anaendeleaje?"

Virgil hakukaa. Mkewe alikuwa anakufa nyumbani kwa saratani. Siku hizi, alisema, anauliza kama ng'ombe wamekamuliwa, na ng'ombe waliuzwa zamani. Hakutaka kumwacha. Akaomba wafungane.

Seneti ile ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Seneta asiyeweza kufika alimwomba mmoja wa upande wa pili afungane naye: huyu hayupo, yule yupo lakini hapigi kura, na hesabu inabaki ilivyokuwa. Walipeana mkono, basi. Aliyefungwa aliweza kufunguliwa na mwenzake tu. Kwenye jengo lile watu walivunja ahadi za kila aina, lakini hakuna aliyekumbuka mtu kuivunja hii.

Doreen alikuwa na kura za kutosha hata bila yake mwenyewe: waunga mkono waliwazidi wapinzani kwa wanne. Akampa mkono.

Asubuhi ya siku ya kura, wawili wakahamia upande wa kupinga. Seneta mmoja alikuwa ameahidiwa na kampuni zahanati mpya mjini kwake. Mwingine alisema amepigiwa simu nyingi, na wakati anasema hivyo alikuwa anatazama viatu vyake. Nadine Brouwer, msaidizi wa Doreen, alirudia hesabu, kisha akafunga mlango.

"Bila wewe ni sare," alisema. "Na sare ni kushindwa. Mpigie, Seneta. Aseme neno moja tu, akufungue."

"Mke wake anakufa, Nadine."

"Najua. Na yule mtoto wa Rosalyn je?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Doreen. Aliwaza jinsi ambavyo ingelia ndani ya chumba cha Lorna, na Virgil akiacha kitanda kuja kusikiliza mambo ya kura. Aliona kwamba mtu mstaarabu hafanyi hivyo. Hakulichunguza wazo hilo zaidi. Aliweka simu mezani, akaingia ukumbini.

Rosalyn alikuwa ameketi juu, sehemu ya wageni, amevaa nguo zake za kazi. Karani alipolifikia jina la Pawlak, Doreen alisimama.

"Nimefungana na Seneta Amsden," alisema. "Angekuwepo, angepinga. Ningekuwa huru, ningeunga mkono. Sipigi kura."

Ubao ukaonyesha sare. Mwenyekiti akatangaza kwamba mswada umeanguka, akaita unaofuata, uliohusu leseni za uvuvi wa ziwani. Maseneta wawili wa upande wa pili walipita kwenye kiti cha Doreen wakamgusa bega. Hiyo ndiyo heshima yao. Alipoinua macho, Rosalyn alikuwa bado amekaa, mkoba mapajani, kama anayesubiri sehemu iliyobaki.

Baada ya mazishi ya Lorna, Virgil alipiga simu kushukuru kwa maua. Walizungumza kidogo juu ya ibada.

"Nimesikia mswada wako umeanguka kwa sare," alisema kisha. "Nilishangaa hukunipigia."

"Ulikuwa na Lorna."

"Lorna alikuwa amelala, Doreen. Mimi nilikuwa jikoni najaza chemshabongo ya gazeti. Ungepiga, ningekufungua. Hospitali ni hospitali."

Doreen alimpa pole mara ya pili.

Angeweza kunyamaza, maana Virgil hakuwa mtu wa kusemasema. Jumamosi alikwenda kwa Rosalyn akamweleza yote, mlangoni, bila kujitetea.

"Kwa hiyo ilikuwa simu moja," alisema Rosalyn.

"Ndiyo."

"Na hukuipiga kwa ajili ya adabu."

"Ndiyo."

Rosalyn aliingia gereji akarudi na kile kibao. Kilikuwa kimeoshwa, na miguu yake ya waya imefutwa tope.

"Usidhani nimeking'oa kwa hasira," alisema. "Nyumba tumeiweka sokoni. Dalali anasema vibao vya siasa vinafukuza wanunuzi."

"Kuna waliokuja?"

"Wanakuja. Wanauliza hospitali iko wapi. Nawaonyesha, hata paa lake linaonekana kutoka hapa. Halafu nawaambia idara ya dharura inafungwa kiangazi, wanashukuru, wanaondoka."

Ndani, binti alikohoa. Rosalyn aligeuza kichwa, akasikiliza mpaka kikohozi kilipokwisha, kisha akasema lazima aende, akafunga mlango taratibu.

Doreen alirudi kwenye gari. Kibao hakikuenea kwenye buti. Akakilaza kiti cha nyuma, jina likiwa chini, na majirani waliokuwa wanakata nyasi wakampungia mkono kama kawaida.