Pengo la Unene wa Kucha

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, bunduki ilikuwa juu ya meza ya fundi, kitako chake kimepasuka kwenye shingo ya mbao, pale mkono unaposhika. Aliyeileta, askari wa wanyamapori na kaka wa mke wa fundi, alikuwa ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho la kulia.

"Shemeji, nisamehe," alisema kabla hata ya kukaa. "Kazi yako nimeiharibu."

Fundi aliwasha taa ya meza.

Askari alieleza. Jana nyati aliyevamia mashamba alimgeukia. Alifyatua mara mbili. Mara ya pili, kitako kikamvunjikia usoni. Nyati alikufa. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu: mtu mzima kapigwa na bunduki yake mwenyewe! Mkuu wa kituo hakucheka. Alisema askari hakuibana begani, na kuanzia Jumatatu atahamia getini, bila silaha. Yalibaki maelezo ya fundi tu. Fomu ya kuandikia sababu ya kuvunjika ilikuwa mfukoni mwa askari.

"Getini, shemeji! Miaka kumi na moja porini, leo nikafungulie magari." Alijaribu kucheka, nyuzi zikamvuta, akaacha. "Labda kweli sikuibana. Mnyama yuko hatua ishirini, unakumbuka nini?"

Fundi alifungua skrubu mbili, akatenganisha chuma na mbao. Miezi mitatu iliyopita yeye ndiye aliyekiimarisha kitako hicho ili kihimili teke la risasi nzito. Bolti mbili alizopitisha kwa upana zilikuwa imara. Gundi chini ya mtutu haikuwa na ufa. Akatazama nyuma ya ulimi, yaani mkia wa chuma unaolala juu ya shingo ya mbao. Hapo panatakiwa pengo la unene wa kucha. Bunduki ikipiga teke, chuma hurudi nyuma kidogo. Kikikuta pengo, hakuna neno. Kikikuta mbao, huipasua kama kabari.

Hapakuwa na pengo. Palikuwa na kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi na kupigwa msasa hadi kisionekane.

Fundi alikijua. Pengo alikuwa ameliacha, kama alivyofundishwa. Askari alipokuja kuchukua bunduki, alilichungulia akasema, "Hii ni njia ya mende, shemeji?" Fundi alicheka naye, akamwambia apitie kesho, kisha akaliziba. Kituo kizima kilimsifu: hata unywele haupiti. Sifa zilimnogea.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alichukua fomu. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: *Mbao ilikuwa na kasoro ya ndani.*

Askari alisoma juu ya bega lake. "Kumbe ni mti tu! Shemeji, umeniokoa. Mkuu akiona hii, geti alinde mwenyewe." Akamminya mkono. "Na wale wenzangu wawili nitawaambia watulie. Walishaanza kuziogopa bunduki zao."

Wawili hao fundi aliwafahamu. Vitako vyao alivitengeneza baada ya zile sifa, na pengo hakuliacha kabisa.

"Wako wapi?"

"Mmoja yupo kituoni. Mwenzake katoka alfajiri, anafuatilia kundi la nyati."

Fundi aliikata sentensi kwa mstari mmoja. Chini yake aliandika kwamba pengo aliliziba mwenyewe, kwamba kosa si la askari, na kwamba bunduki zote tatu zisipigwe.

"Unafanya nini?"

"Si mbao, shemeji. Ni mimi. Pengo lile lilikuwa na kazi yake, nikaliziba."

Askari aligusa nyuzi zake. "Kwa sababu nilisema mende?"

"Wewe ulitania. Fundi ni mimi, na nilijua."

Askari hakumtazama tena. Alipiga simu kituoni, akaiweka mezani, upande wa fundi. Fundi alimweleza mkuu yote, hakupunguza. Mkuu aliuliza maswali mawili, akasema askari atabaki kwenye zamu yake, na fundi asiguse tena silaha ya kituo.

"Sawa, mkuu," alisema fundi.

Simu haikukatwa. Walimsikia mkuu akimwita kwenye redio yule aliyetoka alfajiri, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa tatu na dakika mbili, askari wa porini alijibu kwamba amesikia, na kwamba risasi ameitoa kwenye bunduki.