Mfungo wa Mama Tekla

Mama Tekla alitoka Bukoba kuja Gongo la Mboto kumsubiri mjukuu wake wa kwanza. Mkwewe, Rosalia, ni mtu wa Masasi, na ndizi zake huzitia nazi. Kila mchana Mama Tekla aliitazama sahani na kusema, "Leo tena zinaogelea." Rosalia aliumia, na kesho yake akatia nazi tena.

Jumatano ya Majivu paroko alihubiri kwamba anayefunga nyama huku anatafuna watu hajafunga. Mama Tekla alirudi nyumbani akiwa amefunga maneno ya kuumiza. Hakumwambia mtu, mfungo hautangazwi.

Tangu hapo alikula, akanawa, akanyamaza. Rosalia alikichukua kimya hicho kuwa hasira. Wiki ya pili alimwambia mumewe, "Gozbert, mama kanichoka. Muulize kama anataka kurudi kwao. Mie sitaki akae kwa kujilazimisha." Mimba ya Rosalia ilikuwa ya miezi minane na mama yake mzazi alishafariki. Hakuwa na mwingine wa kumshika mkono siku ikifika.

Gozbert aliuliza mezani, kama mtu anayetaka ishu iishe. "Mama, nikakukatie tiketi ya basi?"

Mama Tekla aliweka kijiko chini. "Nani ananifukuza?"

"Hakuna, mama," Rosalia alisema. "Ila huniongeleshi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimefunga maneno ya kuumiza mpaka Pasaka."

Rosalia alimtazama. "Sasa na yale mengine, mama?"

"Yapi?"

"Yasiyoumiza."

Mama Tekla alifikiri kwa uaminifu. Hakupata kitu. Gozbert aliinamia sahani, mabega yakimtikisika.

"Unacheka nini, mjinga we—" Mama Tekla akajiziba mdomo kwa kiganja.

Sasa Rosalia naye alicheka, mkono tumboni.

"Ndizi hizi," Mama Tekla alianza, akasita. Zilikuwa zinaogelea, na uongo nao ni dhambi. "Ndizi hizi zimeiva vizuri."

"Asante, mama."

"Na tumbo limeshuka. Usinyanyue ndoo tena. Maji nitachota mimi."

Rosalia alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo tiketi?" Gozbert aliuliza.

"Kata yako." Mama Tekla alisukuma sahani yake mbele. "Rosalia, mwanangu, niongezee. Na mchuzi wake."