Ukungu wa Kila Siku

Kuna watu wanadhani kuamia ndege ni kazi ya kukaa. Wallahi, waende wakakae wao! Wapande lile dungu la miti mirefu katikati ya mpunga wa Mbuchi tangu alfajiri, wapige kelele mpaka jua lizame, wavute kamba ya makopo, warushe tope kwa kombeo, na ndege waruke hapa watue pale. Sihaba alikuwa kwenye kazi hiyo tangu mpunga ulipoanza kutia maziwa, na sasa alikuwa hoi. Mabega yalimuuma, macho yalimwasha, na koo ndilo lilikuwa linaelekea kukauka kabisa.

Ndiyo maana alianza kusoma. Ukisema "Haya! Tokeni! Haya!" kutwa nzima unaanza kujiona mwendawazimu. Akachukua kitabu alichokinusuru kwa muuza korosho mmoja wa Bungu, ambaye alikwisha kuchana jalada na kurasa za mwanzo akafungia korosho zake, akawa anakisoma kwa kupiga makelele. Ndege hawajali unasema nini, mradi unasema.

Kilikuwa kitabu cha zamani, hadithi ya panga na farasi. Kinyozi mmoja fukara, mchana anamnyoa liwali dhalimu wa mji na askari wake, usiku anaruka ukuta wa gereza, anawatoa wafungwa, anapigana na askari darzeni nzima kisha anatokomea akicheka. Haikuchukua muda, majirani wa madungu mengine wakaacha kelele zao ili wasikie. "Rudia hapo kwenye ngazi!" Saadi alipaza sauti toka dungu lake. "Ndege wamenipotezea!" Na Sihaba, pamoja na uchovu wote ule, alirudia.

Lakini hakuwa akimsomea Saadi. Alimsomea mama mkwe wake, Bi Mwanaamina, aliyekaa nyuma yake kajikunyata kwenye kanga. Mtoro, mtoto pekee wa mama huyo, ndiye aliyekuwa mume wa Sihaba. Ile miaka mibaya ya mauaji, watu waliojifunika nyuso walifika nyumbani magharibi, Sihaba yuko msibani kwa ndugu zake. Mtoro aliitwa nje, akatoka, na asubuhi akaokotwa njiani, maiti. Tangu hapo Bi Mwanaamina alikula kwa kubembelezwa na kuongea kwa nadra. Na jambo lililowaudhi watu kuliko yote, aliacha kuitikia shikamoo. Mtoto akimwamkia, anatazama pembeni, anasema, "Haya." Wengine walisema kiburi, wengine wakasema akili imeruka. Sihaba alichoka kumwombea radhi.

Msimu huu mama alikuwa amekonda mpaka bangili zinamvuka mkononi. Sihaba aliogopa, aliogopa kweli, kwamba mavuno hayatamkuta. Ndipo siku ya pili ya kitabu mama akauliza, "Kinyozi wako leo anafanya nini?" Sihaba akamjibu ale kwanza. Akala sahani nzima ya wali! Kesho yake tena. Basi kitabu kikawa ndiyo dawa, na Sihaba akaapa moyoni kwamba hakitakatika hata kama atatapika damu.

Tatizo lilikuwa moja. Kila akitoka usiku, kinyozi hujifunga kitambaa cheusi usoni, macho tu ndiyo yanayoonekana. Sihaba alipolifikia neno hilo mara ya kwanza, akaliruka. Angemsomeaje mama yule habari za mtu aliyejifunika uso, tena amsifu? Akaweka ukungu. Kinyozi akatokea katika ukungu, akapigana katika ukungu, akapotelea ukunguni.

"We Sihaba!" Saadi akaja juu siku moja. "Askari vipofu hao? Asubuhi kawanyoa, usiku hawamjui?"

"Nimekwambia kulikuwa na ukungu!"

"Nchi gani hiyo yenye ukungu kila siku?"

Madungu yote yakaangua kicheko. Bi Mwanaamina hakucheka. Alimtazama mkwewe, akamwambia aendelee.

Zikabaki kurasa chache, na asubuhi hiyo Sihaba alifungua mdomo kukatoka pumzi tupu. Sauti imekwenda. Nasma, binti wa jirani aliyekuwa likizo, akatumwa na watu wazima aje amalizie, maana hakuna aliyekubali kulala bila kujua mwisho. Akapita kwenye tope, akapanda ngazi.

"Shikamoo bibi."

"Haya," alisema Bi Mwanaamina.

Sihaba alimpungia mikono, akajigusa uso, akatikisa kichwa. Nasma akadhani jino linamuuma. "Pole mama, we pumzika," akasema, akafungua kitabu na kusoma kwa sauti kali ya darasani: kinyozi kakamatwa, kasimamishwa mbele ya mji mzima, na liwali anaamuru afunguliwe kile kitambaa cheusi alichojifunika uso siku zote.

Sihaba alifumba macho. Basi, alijisemea, nimemuua mama.

"Kitambaa," Bi Mwanaamina akasema taratibu. "Ndio ukungu huo?"

Nasma hakuelewa. "Ndicho kilichowafanya wasimjue, bibi."

"Na ni mtu wa hapo hapo mjini?"

"Wa hapo hapo. Anaishi nao, anakula nao."

"Anaongea nao?"

"Kila siku."

"Na hakuna aliyeijua sauti yake?"

Nasma akapitisha kidole kwenye mistari. "Hawakusema, bibi."

"Mjukuu wangu, ndege wameshuka kule mwisho. Kawafukuze."

Walikuwa wameshuka kweli. Nasma akateremka mbio, akaishia mpungani akipiga makofi. Bi Mwanaamina akamsogelea Sihaba mpaka magoti yao yakagusana.

"Magharibi ile nilikuwa kizingitini napepeta mchele," alisema. "Wenzake walibaki njiani, akaja mmoja. Kajifunga kitambaa, macho tu. Akaniambia, 'Shikamoo mama.' Adabu yote! Nilikuwa nishasema marahaba kabla sijainua kichwa. Sauti naijua, mtoto nimemlisha mwenyewe. Nikageuka nikaita ndani, 'Mtoro, una mgeni.'"

Sihaba alimshika mkono. "Nani?" aliuliza, na hakuna kilichotoka isipokuwa pumzi.

"Yupo. Bado ananiamkia. Na mimi marahaba yake siwezi kuitoa tena, Sihaba, haipandi kooni. Nikiwaitikia wengine wote nikamruka yeye, mtamjua. Ukimjua wewe hutanyamaza, na usiponyamaza nitakuzika na wewe. Bora niwanyime wote, waniite mwenye kiburi." Akavuta pumzi. "Nimechoka, mwanangu. Nipe wali wangu nile, kisha huyo mtoto aje anisomee yule mwingine. Huyo ambaye angalau uso wake utafunuliwa mbele ya watu."

Sihaba alitafuta sahani, akaipata kwa kupapasa. Huku na huku kwenye mpunga majirani walikuwa wameshachoka kungoja.

"Mbona kimya huko?" mmoja alipaza sauti.

"Someni!" akadakia mwingine.

"Sihaba! Kafunuliwa au bado?"

Zilikuwa sauti za wanaume, alizozizoea, kutoka kila upande. Sihaba alikaa na sahani mapajani, akazisikiliza moja moja.