Mke wa Nahodha

Fundi alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika humwezi. Amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa shingoni, shavu moja limeshanyolewa, la pili limejaa povu, anawaambia wenzake kwamba mchezo wa wiki ile ndio bora kuliko yote waliyowahi kuisikiliza, na sababu ni moja tu, ule ukimya wake.

"Ukimya gani?" akauliza Kinyozi, wembe mkononi.

Hapo inabidi nikueleze. Watu wenyewe walikuwa wanne na walikutana kila Jumatano saa kumi, saa ambayo hakuna mtu mwenye haraka ya kunyolewa. Kinyozi ndiye mwenye duka. Mwalimu alikuwa mama wa makamo anayefundisha fizikia sekondari, akija na vumbi la chaki kwenye mkoba. Mlinzi alilinda benki, na Fundi alikuwa seremala. Kilichowaunganisha ni michezo ya kuigiza ya sauti, ile ya vyombo vya angani, mashine zenye akili na watu wa mwaka elfu tatu. Wiki nzima kila mtu anausikiliza mchezo kwa wakati wake, kwenye simu yake, na Jumatano wanakuja kugombana. Usicheke. Kuna wanaogombania mpira.

Wiki iliyopita walikuwa na roboti lililoajiriwa kulea mtoto likajifunza kusema uongo. Mlinzi alikiri kwamba alilia akiwa lindoni, bunduki mapajani. Mwalimu akaupa alama nne kwa kumi, kwa sababu mtunzi aliwasha moto mahali pasipo na hewa. Kabla ya huo walikuwa na mji ambao watu wake walikodisha ndoto zao. Huo Kinyozi aliusinzia, na akausema vibaya hata hivyo.

Wa wiki hii ulikuwa wa nahodha aliyebaki peke yake kwenye kituo kinachozunguka sayari ya mbali, chombo cha kumchukua kimeharibika na hewa inapungua.

"Ukimya ule," Fundi akaendelea, mkono mmoja nje ya kitambaa. "Nahodha anasema neno, halafu kimya. Unasikia feni ya kituo tu. Unahesabu mpaka ishirini, mpaka thelathini. Halafu anajibu, 'Sawa, mke wangu, nimekusikia.' Nani kamwambia nini? Hakuna mtu. Mke alishakufa zamani, jamaa amerukwa na akili, anaongea na hewa. Na mtunzi hatuambii, anatuachia tujue wenyewe. Huo ndio ufundi. Mimi naupa kumi."

Kinyozi akashusha wembe.

"Mke alikufa lini?" akauliza Mwalimu.

"Tangu mwanzo."

"Fundi, sehemu ya pili yote yumo, anazungumza."

"Nani?"

"Mke. Yuko duniani, nyumbani kwake, anaongea na mumewe kwa redio."

"Yule mama mwenye sauti ya kukwaruza," akasema Mlinzi. "Anayemsimulia habari za bati la jikoni linalovuja. Mimi nimempenda kuliko hata huyo nahodha. Na walivyoitengeneza, unamsikia kama amekaa kando yako."

Fundi akawaangalia mmoja mmoja huku akitabasamu na povu lake. Watu hawa aliwajua. Mwaka jana walimwaminisha kwamba mchezo fulani una sehemu ya saba, akaitafuta siku tatu, na sehemu zenyewe zilikuwa sita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Fundi aliapa kwamba safari hii hakamatwi.

"Haya, mmekubaliana," akasema. "Nyoa, bwana, tuendelee."

Kinyozi hakunyoa. "Naapa kwa kazi yangu, mke yupo."

Kinyozi yule angeweza kuapa kwa chochote, lakini kazi yake hakuwahi kuitia kwenye mzaha. Tabasamu la Fundi likaanza kumlegea.

"Akili ni nywele," akasema Mlinzi kupoza mambo, "kila mtu ana zake."

"Na za wengine zinapungua," akasema Kinyozi, akitazama utosi wa Fundi.

Wakacheka. Fundi naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Mwalimu hakupenda ubishi usiokuwa na jaribio. Akatoa simu yake, akaisimamisha kwenye rafu kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, akasogeza mchezo mpaka dakika ya kumi na mbili, akaongeza sauti. Feni ikasikika. Nahodha akasema neno lake. Na pale ambapo Fundi alijua kama anavyojua jina lake kwamba panafuata kimya, mwanamke akakohoa, akasema, "Bati la jikoni limeanza tena. Nimeweka ndoo."

Fundi akaitazama ile simu kama mtu aliyekuta mtu mwingine kitandani mwake.

"Huu sio niliousikiliza mimi," akasema.

"Nilikutumia mimi mwenyewe," akasema Mwalimu. "Lete simu yako."

Wakalinganisha. Jina lile lile, dakika arobaini na nane na sekunde kumi na moja huku, dakika arobaini na nane na sekunde kumi na moja kule. Mlinzi akasema labda alisinzia. Fundi akasema labda. Akavua kitambaa, akajifuta, akaaga, akatoka na ndevu za upande mmoja. Kinyozi akamfuata mpaka mlangoni na wembe wake akimwita, lakini Fundi alikuwa ameshavuka barabara.

Hakusinzia. Mchezo ule aliusikiliza mara tatu. Na kilichomtoa pale dukani hakikuwa aibu, kilikuwa woga, na woga wenyewe ulikuwa wa baba yake.

Baba yake alikuwa seremala pia. Siku moja, akiwa na akili zake timamu kama wewe na mimi, alisimama sebuleni akauliza nani ameleta kabati lile. Wakamwambia umelitengeneza mwenyewe. Akakataa. Wakamwonyesha alama yake nyuma ya mlango wa kabati, akasema wameiga. Alibishana kwa hoja safi, akicheka, akiwaona wote waongo. Ndivyo ulivyoanza ugonjwa wa kusahau. Miaka minne baadaye alikuwa hamjui mkewe, na anaoga kwa kuogeshwa. Fundi alikuwa amejiapiza kwamba siku atakapokana kitu ambacho watu wote wanakiona, atajua zamu yake imefika. Wengi wape, wahenga walisema. Watu watatu walimsikia yule mwanamke, yeye hakumsikia.

Asubuhi ya Alhamisi akafungua karakana, lakini mashine hakuiwasha. Akakaa juu ya rundo la mbao, akatia vispika vya masikioni alivyovizoea, kimoja huku kimoja huku, akaanza tena. Feni. Nahodha. Dakika ya kumi na mbili, kimya. Akarudisha nyuma. Kimya. Akachukua penseli akaandika kwenye ubao maneno ya mwanamke aliyoyasikia jana, bati, jikoni, ndoo, akayakodolea macho huku akisikiliza, akidhani labda akiyajua kwanza atayasikia. Kimya. Nahodha akacheka peke yake kwa jambo ambalo hakuna aliyelisema. Jana Fundi aliuona ufundi hapo. Leo akauzima mchezo.

Akatafuta pa kujishikiza. Labda simu ni mbovu. Lakini nahodha anasikika vizuri. Labda kuna michezo miwili ndani ya mmoja, na kila mtu hupewa wake, kama kwenye hadithi zao za malimwengu mawili yanayopishana. Wazo hilo akalipenda kwa dakika nzima, halafu likamtisha kuliko yote, maana hivyo hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akifikiri, kwa hoja safi. Akakata shauri asiguse mashine. Akitazama msumeno wa umeme, akakumbuka kwamba seremala asiyekuwa na akili kwanza hupoteza vidole. Mteja wa mlango alipofika akamwambia arudi wiki ijayo. Akafunga, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mapacha wao walipoondoka kwenda kujitegemea.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa anapiga pasi mezani. Akayaona yale mashavu, moja limenyolewa moja lina msitu, wala hakuuliza. Siku hizi hakuwa muulizaji.

"Nataka unisikilizie kitu," akasema Fundi.

"Mimi?"

"Mchezo wetu. Dakika chache tu."

"Mimi na sayari zenu wapi na wapi." Akageuza kola, akaendelea kupiga pasi.

Fundi akaketi kwenye kiti chake mezani. Halafu akalisema, kwa mara ya kwanza, kwa sauti. "Mama Mapacha, nadhani umeniingia ugonjwa wa baba."

Pasi ikasimama. Mama Mapacha ndiye aliyemwogesha mkwewe miaka miwili ya mwisho, akimlisha, akiitwa kila siku kwa jina la mtu mwingine. Akaizima, akaiweka kando, akavuta kiti chake, kile kile anachokalia miaka yote, upande wa kushoto wa mumewe. "Lete," akasema.

Fundi akampa kispika cha upande aliokaa, yeye akabaki na cha kulia, waya ukaning'inia kati yao. Akasogeza mpaka dakika ya kumi na mbili. Akainua kidole, akamgeuzia uso mkewe.

"Sasa. Unasikia nini?"

"Mwanamke."

Fundi akashusha kidole. "Anasema nini?"

"Anasema bati la jikoni limeanza tena, ameweka ndoo. Anauliza kama umemsikia. Yaani kama amemsikia, huyo anayeongea naye." Akasikiliza tena. "Mbona hajibiwi?"

"Anajibiwa. Nahodha anamjibu hivi sasa, mwanamume."

"Mwanamume yupi? Hapa hakuna mwanamume. Mwanamke anaongea peke yake, maskini."

Wakatazamana. Kwa kitambo kidogo wote wawili hawakujua nani kati yao ameharibikiwa, na nikwambie kweli, Fundi alifarijika kuwa na mwenzake.

"Hebu," akasema. Akachukua kile cha mkewe, akakitia sikio lake la kulia. Bati, jikoni, ndoo, sauti ile ya kukwaruza, karibu kabisa. Akakitoa, akakitia sikio la kushoto. Hakuna. Akakirudisha kulia, yupo. Kushoto, hakuna. Akachukua na cha nahodha akakitia kushoto, na nahodha naye akapotea. Akasugua vidole vyake karibu na sikio lile, kama anavyopima unga wa mbao, akasugua kwa nguvu. Vidole aliviona tu.

Mwanamke wa mchezo ule alikuwa amewekwa kwenye kispika cha kushoto, mumewe cha kulia. Na sikio la kushoto la Fundi ndilo lililoinamia mashine ya kupiga randa miaka kumi na tisa.

"Ni sikio," akasema. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka. "Sio kichwa, Mama Mapacha. Ni sikio tu, limekufa, basi. Akili ninazo zote." Akasimama, akazunguka meza, akaketi tena. Alitaka kumpigia Mwalimu saa ile ile. Alitaka kurudi kwa Kinyozi amalizie shavu. Mtu akiogopa chui halafu akakuta ni paka, huwa hajali kwamba paka mwenyewe amemkwaruza.

Mama Mapacha hakucheka.

"Limekufa tangu lini?" akauliza.

"Nitajuaje? Halikuniaga. Mwaka, miaka miwili. Mwenye la kulia zima atagundua nini?"

"Miwili," akasema mkewe. Akashika ukingo wa meza. "Walipoondoka mapacha, wiki ile ile, tulikuwa tumekaa hapa hapa. Ulikuwa unakula. Nilikuuliza swali, kwa sauti ndogo."

"Swali gani?"

"Nilikuuliza kama umenichoka."

Fundi akaitafuta siku ile kichwani, kichwa chake kizima ambacho alikuwa amekishangilia dakika moja iliyopita. Hakuiona. Kwake haikuwahi kuwepo.

"Ukaendelea kula," akasema Mama Mapacha. "Nikasubiri. Ukanyoosha mkono ukachukua maji, ukanywa. Nikasema basi, nimejibiwa."

"Sikukusikia."

"Nimeona."

"Ndiyo sababu ukanyamaza?" Alikuwa amedhani nyumba imetulia kwa sababu watoto wameondoka. Utulivu wenyewe alikuwa ameupenda.

"Mtu aliyechokwa anaongea na nani?"

Fundi akahama. Akabeba kiti chake akakizungusha mpaka upande wa pili wa mkewe, akakaa akiwa amempa sikio zima, magoti yamegusana. "Niulize tena," akasema.

Mama Mapacha akauzungusha ule waya kidoleni, akaufungua, akauzungusha. "Siwezi," akasema. "Nimeshalizoea jibu."

"Basi nakujibu bila kuulizwa. Sijakuchoka. Sijawahi kukuchoka hata siku moja."

Akalisema tena na tena, polepole, na mkewe akaitikia kwa kichwa kila mara, akilia bila kujifuta. Alikuwa amesikia vizuri, masikio yake yote mawili hayakuwa na tatizo.

"Miaka miwili, Baba Mapacha," akasema. "Nimekupikia, nimekufulia, nimelala kando yako miaka miwili nikijua nimechokwa."

Safari hii Fundi alisikia kila neno.